Shangazi wa Majani Akujibu

Shikamoo Shangazi. Niko Toronto, na tangu 2018 sheria ya hapa inaniruhusu kupanda bangi, mashina manne kwa nyumba. Yangu yapo uani, juani kutwa. Sasa kingo za majani zimejikunja kwenda juu. Mke wangu asema ni kijicho cha jirani. Nifanyeje?
*Baba Mashina*

Marahaba mwanangu. Jirani hana kosa. Kingo zikipanda mchana na kulegea jioni, mmea unakwepa jua na upepo mkavu ili usipoteze maji. Mwagilia asubuhi mpaka maji yashuke kwenye mizizi, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, na weka kivuli mchana. Jani lililokwisha kujikunja huenda lisinyooke. Wewe tazama yanayochipua.

Shangazi, mimi ndiye huyo jirani. Majani yangu ni kijani iliyokolea, yanang'aa, na ncha zimepinda chini kama kucha za mwewe. Nami naipenda mimea yangu, naitilia mbolea kila Jumamosi.
*Msingiziwa*

Mapenzi yako ndiyo maradhi. Naitrojeni imezidi. Acha mbolea, mwagia maji matupu. Ila jani zima likilegea na udongo umelowa, mizizi inakosa hewa: chomeka kidole, na kikitoka na tope, weka ndoo chini.

Shangazi, kwangu ni machipukizi tu: yamesokoteka, membamba, yanaonekana yamelowa. Mdudu simwoni.
*Sina Macho, Ottawa*

Huwezi kumwona. Kuna utitiri usiofika hata nusu milimita. Tafuta lenzi ya kukuza mara 60, uchungulie upande wa chini wa majani machanga. Ukiukuta, kata machipukizi hayo, yafunge kwenye mfuko, yatupe. Usipoukuta, kague nyanya zilizo karibu. Nazo zikiwa zimesokoteka, upepo umeleta dawa ya magugu kama 2,4-D. Mmea huo usiuvute, ung'oe.

Shangazi, nina rafiki Morogoro. Ana ua fulani nyuma ya banda la kuku, majani yamejikunja. Anauliza tu.
*Rafiki wa Rafiki*

Mwambie huyo rafiki kwamba Tanzania kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na ua hilo halihitaji bwana shamba, linahitaji wakili. Apande mchicha. Nao ukijikunja, aniandikie kwa jina lake kamili.