Mwaka wa staji Kolwezi: mambo nane, tukianzia mkiani

Mtanzania ataiita fildi, Mkenya ataiita atachimenti. Sisi wa mkoa wa Lualaba, Kongo, tunaiita staji, na yangu ilikula miezi kumi na miwili katika kiwanda cha shaba ambacho sitakitaja, kwa sababu bado natafuta kazi. Nimeyapanga mambo nane ya mwaka ule kuanzia la mkiani hadi bingwa. Jopo la waamuzi lilikuwa na mtu mmoja, mimi, na matokeo yalipita bila kupingwa. Haya, pinga.

8. Cheti

Najua umeshaanza kufoka. Si cheti ndicho kilichotupeleka? Ndicho. Lakini changu kilichapwa kwa dakika nne, kikagongwa mihuri mitatu, na jina langu likakosewa herufi mbili. Nilipoomba kisahihishwe, karani aliniuliza kama nimefikiria kubadilisha jina.

*Hukumu:* Kinathibitisha kwamba mtu nisiyemjua alifanya kazi kwa bidii. Hongera zake.

7. Kofia ya kijani

Pale kwetu, kofia ngumu ya kijani ilikuwa na maana moja: huyu hajui kitu, mwangalieni asijiue. Wageni huivaa miezi mitatu, kisha hubadilishiwa. Yangu ilisahauliwa kichwani. Kila nilipokaribia mtambo, watu wazima walinisogeza pembeni kama kuku aliyeingia sebuleni.

*Hukumu:* Mwaka mzima nilikuwa embe lisiloiva.

6. Vumbi dhidi ya tope

Kiangazi, vumbi jekundu linakaa juu ya kila kitu, na wewe ukiwemo. Masika, barabara ile ile inageuka uji. Na usidhani Kongo yote ni joto: mji huu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Njoo Juni, saa kumi na moja alfajiri, bila sweta, halafu tuzungumze.

*Hukumu:* Tope linashinda. Tope huchukua kiatu tu. Vumbi hukufuata mpaka kwenye sahani.

5. Basi la zamu

Chuo changu kina maprofesa, lakini mijadala mizito niliisikia ndani ya basi la alfajiri. Mada ilikuwa moja: Mazembe au Lupopo? Timu zote mbili za soka ni za Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka hapa, lakini vita vyenyewe vinapiganwa Kolwezi. Shabiki wa Mazembe anataja mwaka 2010, walipocheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu na Inter. Shabiki wa Lupopo anajifanya amelala.

*Hukumu:* Elimu ya bure, kelele za bure. Watu wa Lupopo, msinitafute; mimi nami nilikuwa nimelala.

4. Viswahili vitatu, lori moja

Shefu wangu, yaani bosi, alikuwa Mchina. Kifaransa chake kilikuwa sifuri, Kichina changu pungufu ya hapo, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, alichokiokota kazini. Siku moja likaingia lori kutoka Dar es Salaam. Dereva, kwa adabu zote: "Samahani kaka, naomba kuelekezwa pa kuegesha." Mlinzi, mtoto wa Kolwezi: "Tata, kuya huku!" Dereva: "Kuya ndiyo nini?" Wakatazamana. Shefu akapita katikati yao: "Gari. Hapa. Haraka." Lori likaegeshwa.

*Hukumu:* Sarufi sifuri, mawasiliano mia kwa mia. Wataalamu wa Kiswahili sanifu, barua zenu tumezipokea.

3. Posho

Niliwahi kushuhudia bamba la shaba likibanduliwa. Linakua kwa umeme ndani ya birika la tindikali, siku saba hivi, kisha linang'olewa kwenye sahani ya chuma cha pua kwa mlio wa sinia lililoanguka jikoni. Linatoka na rangi ya waridi, safi kwa asilimia 99.99. Mfuko wangu ulikuwa safi kwa asilimia 100.

Mwenye nyumba wangu, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, alinisimulia kwamba enzi zao kampuni ilitoa mshahara na unga juu yake. Zamani zaidi, kabla ya kampuni yoyote, Katanga ilikuwa na fedha yake: misalaba ya shaba. Mimi nilipewa nauli, tena si kila mwezi.

*Hukumu:* Mababu walipokea msalaba wa shaba. Mimi niliubeba msalaba, shaba sikuiona.

2. Simu yenye asilimia nne

Hapa ndipo ajabu ilipo. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na Lualaba ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Kobalti hiyo inaingia kwenye betri za simu na za magari ya umeme. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na N'Seke yako huku huku, juu ya mto Lualaba. Sasa nikute mimi saa mbili usiku: mtaa mzima giza, simu asilimia nne, naandika ripoti ya staji kwa kidole gumba.

Jina kobalti limetokana na kobold, zimwi ambalo wachimbaji wa zamani wa Ujerumani waliamini linawachezea migodini. Naafiki. Zimwi lile lilihama, na chumba lilichopanga ni changu.

Hata mahali pa kuipata kobalti si mbali. Mwaka 2014, mtaani Kasulo, watu waligundua madini chini ya nyumba zao wakachimba mpaka sebuleni. Usiku mmoja wa giza mwenye nyumba alinikuta nikigongagonga sakafu kwa kisigino. "Mwanangu, usijaribu," akasema. "Saruji hiyo nililipa mwenyewe."

*Hukumu:* Tunalala juu ya betri ya dunia, na chaja tunaazima kwa jirani mwenye jenereta.

1. Daftari la mama wa bukari

Umetegemea niseme mgodi? Pole.

Nje ya geti, chini ya mwavuli uliopauka, mama mmoja anauza bukari, ambayo wenzetu wa mashariki huiita ugali, pamoja na sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki wadogo wakavu. Anakopesha. Daftari lake ni la shule, jalada limelowa mafuta ya mawese. Mimi hakuniandika kwa jina. Aliniandika "Kijani".

Mwisho wa mwaka, ofisi ikagundua kwamba rejista yangu ya mahudhurio imepotea. Walitaka ushahidi kwamba nilikuwepo. Nikaenda kwa mama. Akalowesha kidole, akafunua, akasoma: "Tarehe 14 Machi, Kijani, bukari na sombe, hajalipa. Tarehe 15, Kijani, bukari na samaki, hajalipa. Tarehe 16, Kijani hakuja." Kweli, tarehe 16 niliugua. Karani akanakili tarehe zote kutoka kwenye daftari lile, halafu akachapa cheti unachokikumbuka kutoka namba 8.

*Hukumu:* Kiwanda kilikuwa na kompyuta, kamera na kitambulisho chenye picha yangu. Aliyejua nilikuwa wapi kila siku ni mtu niliyekuwa na deni lake. Ukitaka kukumbukwa Kolwezi, kopa.

Wewe ungempa nani taji? Basi? Kofia? Hata cheti, ukipenda aibu? Niko tayari kubishana hadi usiku, mradi umeme uwepo. Ila ukipita pale getini kabla yangu, mwambie mama kwamba sahani mbili za Novemba Kijani hajazisahau. Yeye najua hajasahau.