Uchumi wa Kati Umeniponza

Dodoma ni mji ambao semina isiyo na posho huhesabiwa kuwa uvumi. Nilipowaambia wenzangu chuoni kwamba kuna kozi ya sayansi huria mtandaoni, ya bure, na cheti unapewa, hakuna aliyeuliza inafundisha nini. Waliuliza kama kuna chai. Chai haipo, nauli haipo, na bando unajinunulia mwenyewe.

Nikajiandikisha hivyohivyo. Research4Life, wanaozifungulia nchi maskini majarida ya utafiti, wana kozi zao; AuthorAID, wanaowasaidia watafiti kuandika, wana zao; na nakiri kwa shingo upande kwamba ni nzuri. Nikafundishwa tamko la Budapest la mwaka 2002, lililotaka tafiti zisomwe bure mtandaoni, nikafundishwa kwamba mwaka 2021 nchi 193 wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la kuyaweka maarifa ya sayansi wazi kwa wote. Moyo ukatulia. Kisha tukafika somo la malipo: kwenye jarida huria msomaji halipi, mara nyingi analipa mwandishi. Jarida la Nature lilipofungua mlango huo mwaka 2021, bei ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja! Yapo majarida huria yasiyotoza hata senti, tena mengi, ila ukiyataja mbele ya wazee wa kupandisha vyeo, mmoja atashusha miwani akuulize, "Hili nalo la wapi?"

Mwalimu akatutuliza: waandishi wa nchi maskini husamehewa. Nikachangamka, umaskini ndiyo fani yangu. Kumbe Julai 2020 Benki ya Dunia ilikwisha kutupandisha, uchumi wa kati ngazi ya chini, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Wachapishaji kadhaa wakubwa wanaisoma orodha hiyohiyo: maskini anasamehewa yote, wa kati anapunguziwa, mara nyingi nusu. Nusu ya maelfu ya yuro! Wakati huohuo Umoja wa Mataifa bado unatuhesabu katika nchi zenye maendeleo duni, na Research4Life wanatuachia majarida tusome bure. Yaani Mtanzania huyohuyo akisoma ni maskini, akiandika ni tajiri.

Mimi nitavumilia. Anayenikosesha raha ni mzee mmoja wa Hombolo, mkulima wa zabibu. Alijibu dodoso langu refu juani, akaniachia nipime mizabibu yake, na makala ikatoka kwenye jarida la kulipia, lile ambalo anayelipa ni msomaji. Kila tukikutana: "Mbukwa, daktari. Ile karatasi yangu iko wapi?"

"Ipo mtandaoni, mzee. Dola thelathini na kitu."

"Kwa mwaka?"

"Kwa siku moja, mzee."

Angalau kozi ilinipa dawa. Majarida mengi ya kulipia yanamruhusu mwandishi aweke nakala yake mwenyewe, ile ambayo mchapishaji hajaipamba, kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, pengine baada ya miezi kadhaa. Njia ya kijani, wanaiita. Nikaenda kuiweka, mwenye nywila alikuwa Morogoro, semina. Ya posho, bila shaka.

Basi nikaichapa steshenari, nikampelekea mzee. Kiingereza alikiruka, akaenda moja kwa moja kwenye jedwali la mavuno, akapitisha kidole mstari hadi mstari.

"Namba hizi ni zangu," akasema. "Sasa huyo anayeziuza dola thelathini, fungu langu nimdai kwa simu gani?"