Muulize Tantine Mwiko: Jodari Hajui Njia ya Butembo

Juma hili barua zenu zinanuka samaki. Sijui nani amewaambia kwamba mimi ni bingwa wa samaki. Mimi najua watu wanaokula samaki, na hilo ni jambo jingine kabisa. Lakini barua ikishafika haikai bila jibu, basi tuanze.

«Tantine, mimi ni binti wa Furu, hapa Butembo. Wazazi wa mchumba wangu wanakuja Jumapili kuniona. Kwenye simu nimeona namna ya kupika jodari mbichi aliyevuliwa siku ileile: unamkata vipande vinene, kikaango kikali, dakika mbili huku, dakika mbili kule, katikati anabaki bado mwekundu-mwekundu. Nimezunguka soko zima sijamwona. Nimpate wapi? Mwenye Haraka.»

Binti yangu, kaa kwanza kwenye kigoda. Wewe unaishi mlimani, hatua chache kutoka mstari wa ikweta. Bahari ya huyo jodari wako, ukinyoosha kamba hadi Mombasa, ni zaidi ya kilomita 1,000, na barabara zetu hazinyooki kama kamba. Jodari unayemtaka ni yule wa mapezi marefu kama mbawa na nyama nyeupe, ambaye Wafaransa humwita germon. Huyo ni samaki wa bahari kuu. Tofauti na samaki wengi, damu yake ina joto kuliko maji anamoogelea. Kwa hiyo anayemvua humchinja palepale kwenye chombo, damu imtoke, kisha humfukia kwenye barafu. Asipofanya hivyo nyama inaanza kutengeneza sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haifi kwa moto. Unaweza kumpika mpaka sufuria ilie, bado atakuwasha uso na kukupiga kichwa kabla meza haijafutwa. Sasa mfikirie samaki huyo juu ya lori, mpakani Kasindi, akisubiri karatasi za forodha saa saba mchana. Hao wakwe unataka kuwakaribisha au kuwapeleka hospitali?

Halafu hilo la kuacha katikati pekundu. Samaki wetu ni wa maji baridi ya ziwa, na wa namna hiyo wanaweza kubeba minyoo inayopenda kuhama kutoka tumbo hadi tumbo. Kwetu samaki anaiva mpaka mfupani. Ubichi unaouona kwenye simu uache ubaki kwenye simu.

Lakini kiu yako naielewa. Si jodari unayemtaka. Unataka samaki aliyetoka majini leo, na huyo unaye. Yuko Kyavinyonge, pale kaskazini mwa ziwa Edouard. Tuma neno Ijumaa kwa mama anayeuza, umwambie unataka tilapia wawili wakubwa wa Jumapili asubuhi, na umlipe kidogo mbele ili akukumbuke. Wakifika, toa magamba na matumbo, mpasue kila mmoja mistari mitatu ubavuni, tia chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na limao. Usimlaze usiku kucha ndani ya limao kama mtoto mwenye homa. Nusu saa inamtosha.

Kisha mwombe shemeji yeyote anayetoka Beni akuletee majani ya mangongo. Yapitishe juu ya moto mpaka yalainike na kung'aa, mfunge samaki ndani pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, kaza kwa kamba ya mgomba, weka juu ya makala yaliyokwisha kutulia. Mbabula isiwe na ndimi za moto. Baada ya robo saa geuza. Majani yatakuwa meusi nje na utasikia maji yakichemka ndani, kwa sauti ndogo kama mtu anayesema siri. Nyama ikiachana na uti wa mgongo kwa kuguswa tu, ameiva. Mfungue mbele ya mama-mkwe, si jikoni. Ule moshi wa kwanza ndio nusu ya mahari.

«Tantine, niko Beni, karibu na soko la Kilokwa. Muuzaji wangu wa samaki ananiambia kila siku “ametoka majini asubuhi hii”. Ananiambia hivyo hata saa kumi na moja jioni. Nimwamini? Mnunuzi Aliyechoka.»

Mama, asubuhi anayoisema ipo kweli. Hakukwambia ni ya siku gani.

Mimi nimewahi kusimama nyuma ya meza moja ya samaki saa nzima, nikijifanya nasubiri mtu. Kila baada ya muda muuzaji alichota maji kwa kikopo, akayatupa juu ya samaki kwa vidole, chwa, chwa, kama padri wa Jumapili ya Matawi. Samaki waling'aa. Mteja akifika anaona unyevu, anafikiri ziwa. Kumbe ni maji ya bomba.

Kwa hiyo unyevu usiutazame. Tazama jicho: la samaki mpya limetokeza nje na ni safi kama kioo, la jana limezama na lina ukungu. Inua kifuniko cha shavu kwa kidole chako mwenyewe, usikubali akuinulie yeye, maana kila muuzaji anajua ni shavu lipi la kuonyesha. Ndani pawe pekundu. Pakiwa na rangi ya matofali, mwekee samaki wake. Bonyeza ubavu: shimo likirudi, nunua, likibaki, nenda kwa wauza maharagwe. Halafu nusa. Samaki mpya hanuki samaki. Ananuka maji na majani.

Na uende asubuhi, wakati pikipiki zinafika. Utaona zile zilizobeba vikapu vilivyofunikwa majani mabichi, maji yakidondoka nyuma na kuchora mstari kwenye vumbi. Mstari huo haudanganyi. Kama pikipiki imefika kavu, jiulize maji yalikwisha wapi.

Jambo jingine, Mama, kwa kuwa tuko hapo: wale tilapia wadogo wa kiganja wanaouzwa kwa fungu, waache. Wamevuliwa kwa nyavu za macho madogo kabla hawajazaa. Ziwa Edouard halina sangara mkubwa, yule mnayemwita capitaine. Huyo yuko ziwa Albert, na maporomoko ya mto Semliki yamemzuia kupanda hadi kwetu. Kwa hiyo tilapia wa Edouard hana adui mkubwa kama yule. Adui wake ni wavu, na sufuria yako.

«Tantine, mume wangu anaitwa Kambale. Hataki kabisa kula samaki kambale. Anasema mtu hawezi kujila mwenyewe. Nifanye nini? Mke wa Kambale, Vulamba.»

Mwanangu, angekuwa Mwadventista kama wale wa Lukanga ningemwelewa. Wao wana Walawi sura ya 11, samaki asiye na magamba haingii mdomoni, na jambo limekwisha. Lakini mumeo jina hilo alipewa kwa zamu ya kuzaliwa, kama Kakule na Kasereka walivyopewa yao. Samaki hakuhudhuria. Na kama kila Kambale wa Butembo angekataa, wauzaji wangefunga meza.

Mweleze pia kwamba anakataa samaki mpya kuliko wote sokoni. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa. Akitolewa majini anaendelea kuishi saa nyingi ilimradi ngozi isikauke. Ndiyo maana unamkuta kwenye beseni akipinda mkia na kukutazama kwa dharau. Huyo hana haja ya jicho wala shavu: mnunuzi wa Kilokwa hapo juu akiweka mkono ndani ya beseni, atajibiwa.

Ila ana ute na harufu ya tope. Akishachinjwa, msugue kwa chumvi ya mawe na majivu kidogo, mmwagie maji ya moto, si ya kuchemka, kisha msugue tena mpaka ngozi ilie chini ya kidole. Kwangu naoshea ile ndoo yenye bomba iliyobaki tangu Ebola, 2018 hadi 2020. Ilipokuja tuliilaani, leo ndiyo chombo cha maana kuliko vyote uani. Mpitishe kwenye moshi wa mkaratusi saa moja akauke juu, ndipo umkate na kumtia kwenye mawese na kitunguu. Mawese ya Beni, jamani, na msiyachome mpaka yageuke maji meupe; hapo mmekwisha kuua rangi, harufu na sababu yake.

Akikuuliza ni samaki gani, sema ni mgeni kutoka Kyavinyonge. Hujasema uongo.

«Tantine, mimi ni mwanafunzi hapa Beni. Nina kopo moja la thon, viazi ulaya vichache na aibu. Rafiki zangu watatu wanakuja. Njaa ya Mwisho wa Mwezi.»

Kijana, una chakula cha mabaharia na hujui. Wabaski, watu wa pwani ya kaskazini ya Hispania, huvua yule jodari wa mapezi marefu wakati wa kiangazi chao, na wavuvi walikuwa wakimpikia palepale chomboni pamoja na viazi. Chakula hicho wanakiita marmitako. Kwa hiyo viazi vya Lubero na jodari walikuwa wachumba zamani, ni visa tu iliyokosekana.

Kaanga kitunguu, nyanya na ile pilipili kubwa isiyowasha, taratibu, mpaka viwe uji. Viazi usivikate mpaka mwisho: ingiza kisu, kisha vunja kipande kwa kukipindua, utasikia krak. Ule mvunjiko ndio unaotoa unga na kufanya mchuzi uwe mzito bila kuazima unga kwa jirani. Maji yafunike viazi, pika mpaka vianze kumong'onyoka pembeni. Ondoa sufuria motoni. Sasa tu ndipo umwage samaki, pamoja na mafuta yake, funika, hesabu dakika tano. Amekwisha pikwa ndani ya kopo, usimpike mara ya pili kama ni adhabu. Wavuvi wenye samaki mbichi nao hufanya hivyohivyo: moto unazimwa, joto la mchuzi ndilo linalomaliza kazi, maana nyama hiyo ikizidi moto inakauka kama ubao.

Usitazame sana picha ya kopo. Mara nyingi aliye ndani ni nduguye mdogo, ambaye watu wa pwani humwita sehewa. Wageni wako hawatauliza hati ya kuzaliwa. Na kama muuzaji atakushawishi uchukue chinchard wa frigo badala ya kopo, muulize kwanza umeme ulikatika mara ngapi juma hili. Yule naye, akiyeyuka na kugandishwa tena, anatengeneza ile sumu niliyomweleza binti wa Furu.

«Tantine Mwiko, unaharibu vijana wetu. Tangu mababu, kupika samaki ni kazi ya wanawake. Mwanamume anavua, basi. Mzee wa Heshima, Butembo.»

Papa, nashukuru kwa salamu. Kwa kuwa umewataja mababu, twende kwao. Pale Katanda, kando ya Semliki, wachimbaji walikuta vyusa vya mfupa vyenye meno, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 90,000 hivi. Mbele kidogo, Ishango, mto unapotoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata mwaka 1950 mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa kwa mafungu, wa miaka kama 20,000. Siku hizi uko Brussels. Vyusa vimebaki, mifupa ya samaki imebaki. Nani alishika mwiko, hakuna chusa kilichosema, na wewe hukuwapo.

Kuhusu ile mistari, wataalamu wanabishana hadi leo: wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi. Mimi nimekaa na wauza samaki miaka yangu yote. Mafungu yale nayajua. Yule mtu alikula samaki kwa mkopo, na mama mmoja wa Ishango alikuwa akiandika.

Mwenye Haraka wa Furu, Jumapili nitapita saa nane. Vichwa viwili vya tilapia msivigawe.