Namna ya Kumfikisha Mbuzi wa Kijana Nane Nane Kabla Hajaliwa

Mwongozo huu ni wa wazazi, wajomba, mashangazi, walimu wa vilabu vya ufugaji na wenyeviti wa vijiji wa Handeni na Korogwe. Vijana wenyewe hauwahusu sana. Kijana wa Sindeni au wa Mombo aliyekwisha kuamua kumlea mbuzi wa kumpeleka maonyesho ya Nane Nane atamkatia majani, atamnywesha, na akikwama atauliza. Fisi hufungiwa mlango, minyoo ina dawa. Anayemmaliza mbuzi wa kijana kabla ya Agosti ni ndugu, na ndugu ndiye ninayezungumza naye hapa.

Anza kwa kumpa mbuzi, na ukishampa, umempa. Zipo nyumba nyingi ambamo mtoto huambiwa "huyu ni wako" mbuzi akiwa mdogo, kisha mnyama akinona hugeuka kuwa wa ukoo: sare za shule za mdogo wake, posa ya kaka, mchango wa msiba, mgeni kutoka Dar es Salaam. Kila moja ni shida ya kweli. Lakini kijana aliyenyang'anywa mara moja hafugi mara ya pili; ataendesha bodaboda, na hakuna atakayeweza kumlaumu. Kwa hiyo mpe mbele ya mashahidi. Andikeni karatasi, mwenyekiti wa kitongoji atie saini, na mbuzi akivishwa hereni ya utambuzi, jina litakaloandikishwa liwe la kijana. Mgeni akifika ghafla, chinja kuku wako. Hamu ya supu ikikubana, mabucha yapo Chanika, yapo Manundu, nayo hufunguliwa asubuhi na mapema.

Msichana umlinde zaidi. Majani hukatwa na binti, maji huchotwa na binti, banda hufagiliwa na binti, halafu siku anapokuja mnunuzi anaitwa kaka aje kupatana bei. Kaka huyo abaki nyumbani. Kama anapenda sana kuuza mbuzi, afuge wake.

Likishaeleweka hilo, hesabu miezi kurudi nyuma. Nane Nane ni tarehe 8 Agosti, na watu wa mkoa wa Tanga huenda Morogoro, kwenye viwanja vya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, pamoja na wenzao wa Pwani na Dar es Salaam. Mbuzi hubeba mimba kwa miezi 5 hivi. Dume wa mwaka mmoja anayesimama Morogoro leo alizaliwa Agosti iliyopita, na mama yake alipandwa Machi ya mwaka huo. Mtu anayekumbuka maonyesho mwezi Julai hana njia ila kununua dume la mnadani, kuliogesha kwa sabuni na kumsimamisha kijana kando yake. Mwamuzi akiuliza mnyama huyu alizaliwa lini, kijana anatazama paa la banda. Usimtie mtoto wa mwenzio katika aibu hiyo.

Kwenye chakula ndipo fedha zako zinapohitajika. Handeni hukauka mapema, kwa hiyo majani ya masika yakatwe yangali na ubichi, yaanikwe yasipoteze rangi yake, yafungwe marobota na kuwekwa juu ya kichanja mahali penye paa. Majani ya lusina na mlonge yana protini nyingi na hayauzwi dukani. Panda miche michache kando ya banda. Nunua pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na jiwe la chumvi. Pumba ziongezwe kidogo kidogo, siku baada ya siku. Mbuzi akishindiliwa nafaka kwa ghafla tumbo huchachuka, na huweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mjomba mwenye huruma, anayemwaga ndoo nzima wiki moja kabla ya safari ili mbuzi "ajazie", achungwe kuliko fisi.

Chanjo isikwepwe. Sotoka ya mbuzi na kondoo haijali kama mnyama anakwenda kushindana. Juni 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ikabeba nusu ya gharama kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na gharama yote kwa kuku. Afisa mifugo wa kata ana vijiji vingi na pikipiki moja, basi mwenyekiti akusanye mifugo ya kitongoji kizima mahali pamoja siku ya chanjo.

Mnunulie kijana daftari. Humo aandike tarehe ya kuzaliwa, chanjo, dawa ya minyoo, uzito wa kila mwezi, na kila shilingi iliyotumika. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha kama anapata faida au anajichosha. Ndilo pia atakaloenda nalo halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya vijana, na hapa kwetu zipo halmashauri 4, za wilaya na za miji ya Handeni na Korogwe. Wasaidie vijana kusajili kikundi cha kuomba mkopo huo. Wewe mwenye wajukuu usijiandikishe humo.

Marekani wana utaratibu ninaoutamani. Vilabu vya vijana vya 4-H, ambavyo chimbuko lake ni kazi ya mwalimu A. B. Graham huko Ohio mwaka 1902, humfundisha mtoto kumlea mnyama, kumwingiza uwanjani mwenyewe, na kujibu maswali ya mwamuzi kwa kinywa chake. Kisha hufanyika mnada, na wafanyabiashara wa pale pale mjini hushindana kununua, mara nyingi kwa bei inayozidi ya soko, kwa kuwa wanajua fedha zinakwenda kwa mtoto. Wenye maduka wa Manundu na Mkata mnaweza kufanya hivyo bila kungoja mfadhili. Badala ya kuchangia fulana zenye majina yenu, nendeni mkanunue mbuzi.

Safari inataka kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa mtaalamu, kichukuliwe mapema. Gari liondoke alfajiri kabla jua la Segera halijawaka, mbuzi asichanganywe na magunia ya mkaa, na maji yawepo ya kumnywesha Chalinze. Mbuzi awe amekwisha kuzoea kamba miezi kadhaa nyuma, maana asiyezoea atamburura kijana mbele ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi akiuliza mbuzi huyu anakula nini, wakubwa wote nyamazeni. Anayejua ni yule aliyeshika kamba.

Dume akiuzwa, fedha ziingie kwenye simu ya kijana. Akitaka kukupa chochote, atakupa. Usianze kumweleza gharama za kumlea yeye. Jike mzuri asiuzwe kabisa. Mrudisheni nyumbani, mtafutieni dume lisilo la ukoo wake, na safari hii kijana ndiye achague lipi.