Mbili Kipeo cha Tano Si Ishirini na Tano

Msyuu! Hebu sogeeni niwaoneshe karatasi hii. Mpwa wangu wa kidato cha pili kaja nayo jana, wino mwekundu mtupu. Swali la tatu limechapwa "3 x 25". Mtoto kazidisha, kapata 75, kakoseshwa. Eti jibu ni 96! Kumbe mwalimu aliandika kwa mkono 3 × 2⁵, karatasi ikaenda steshenari, mchapaji akaishusha ile tano ikalingana na mbili, na hakuna aliyeipitia kabla ya kutoa kopi. Mtoto kaambulia sifuri kwa kosa la watu wazima. Inauma!

Halafu hiyo x. Ni alama ya kuzidisha au ni herufi? Jamani, lalamiko hili ni la kale. Leibniz, yule Mjerumani bingwa wa hesabu, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Johann Bernoulli mwaka 1698 kwamba haupendi msalaba wa kuzidisha kwa kuwa unachanganyika na x. Yeye akapendelea nukta. Sisi mpaka leo tunabonyeza x ileile, na × imo humohumo kwenye kompyuta! Swali likija "2x x 3x", mtoto asome vipi?

Mnasema nakuza mambo. Sikuzi hata kidogo. Vitabu vya sayansi vina desturi yake: herufi inayoshika nafasi ya namba hulazwa, kipimo husimama wima. *m* iliyolala ni tungamo, m iliyosimama ni mita. Vekta huchapwa kwa herufi nene au huwekewa mshale juu. Ukizichapa zote sare, umefuta nusu ya maana. Hata lita, mwaka 1979 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliruhusu L kubwa, kwa sababu l ndogo ilichanganywa na 1. Mataifa yalikaa kikao kwa ajili ya herufi moja! Naye Donald Knuth wa Marekani, alipoona mwaka 1977 jinsi kitabu chake kilivyopangwa vibaya chapani, aliingia kazini akatengeneza TeX, programu ambayo wanahisabati wanaitumia hadi leo.

Sasa wewe kijana wa steshenari, alama usiyoielewa, uliza. Na wewe mwalimu, soma nakala ya kwanza, kidole juu ya kila kipeo, kabla hazijatoka mia mbili.