Mario Anaomba Bando

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina uzito wa kilobaiti 40 tu. Picha ya pilau uliyotumiwa WhatsApp siku ya Idi inaizidi. Lakini mpwa wangu wa Kihonda alipotaka kupakua gemu hilo, mashine yake ilidai isasishwe kwanza: gigabaiti mbili! Bando likaisha wingu lingali limekifunika kilele cha Lupanga. Aliponunua jingine, Mario akajitokeza, michirizi myeusi kushoto na kulia mwa runinga pana, ukibonyeza anaruka kwa kuchelewa kama karani aliyeitwa saa saba mchana. Kesho yake mashine ikataka intaneti tena, ithibitishe kama gemu ni lake kweli. Enzi zetu kaseti ikigoma, tuliipuliza. Mpwa naye, Mungu ampe afya, anapuliza ruta.