Tangi la Mama

Kijana wa Kalimoni alipopata nafasi ya kusomea uchumi wa maendeleo Uingereza, harambee ya nauli ilifanyika nyumbani kwao chini ya hema la kukodi. Mzee mmoja aliyetoa shilingi 500 alihutubu kama aliyetoa 50,000. Mwai Kibaki, alisema, alisomea uchumi London miaka ya 1950. Akarudi, akawa rais, na mwaka 2012 akafungua barabara kuu ya Thika yenye njia nane. Hesabu ilikuwa wazi. "Wewe ukirudi, lami ianzie kwa lango langu."

Watu wakapiga makofi. Kijana akaitikia kwa kichwa, na deni likaandikwa.

Alivuka bahari akidhani atafundishwa mambo mageni. Wiki ya tatu mhadhiri akaonyesha ukutani ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya, ile iliyosambaza duniani jina la "sekta isiyo rasmi". Mafundi wa bati, washona viatu na wauza mboga walioonekana kama watu wasio na kazi, ripoti ilisema, walikuwa wakichapa kazi kutwa. Kijana akamtambua mara moja mjomba wake wa jua kali pale Thika, anayeunda masanduku ya wanafunzi wa bweni. Mjomba hueleza hayo yote bure, hata ukimkuta ana nyundo mkononi. Chuo kilikuwa kinayauza kwa pauni.

Kisha ikaja zamu ya minyoo.

Kuanzia 1998, watoto wa shule 75 za Busia walipewa dawa ya minyoo kwa awamu, na wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer wakalinganisha shule zilizotangulia na zilizosubiri. Waliripoti kuwa utoro ulipungua. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa majaribio ya aina hiyo. Darasa zima likamgeukia Mkenya. Kutoka Kalimoni hadi Busia ni zaidi ya kilomita 400, naye hakuwahi kufika huko, lakini aliona heshima ya taifa iko mikononi mwake. Akasema ndiyo, hata yeye alimeza dawa hiyo shuleni, na ladha yake anaikumbuka. Muhula mzima wenzake walimwita Sampuli.

Balaa lenyewe lilitoka Kibera. Mwaka 2002 Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walichapisha utafiti kuhusu vyama vya kuchangiana kwa zamu katika mtaa huo. Walieleza kuwa mke huingia chama ili akiba isikae nyumbani, mahali ambapo mume anaweza kuifikia. Kijana alisoma makala hayo usiku, akafikiri ni vyema kuyathibitisha. Akapiga simu nyumbani.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama. Nilitaka kuuliza, ni kweli nyinyi huweka pesa kwa chama ili wazee wasizipate?"

Kimya. Kisha sauti nyingine, nzito, ikaja kutoka mbali kidogo: "Hebu rudia hilo swali."

Simu ilikuwa kwenye spika, juu ya meza, kando ya kikombe cha baba.

Mazungumzo yaliyofuata yalihusu tangi la maji la lita 1,000 nyuma ya nyumba. Baba alikuwa ameambiwa limetokana na kuuza kuku. Sasa alikumbuka kwamba kuku wa boma lile hawakuwahi kuzidi sita, na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiwaonyesha wageni tangi hilo akisema "tulijikakamua".

Kwa kujutia, kijana alianzisha chama bwenini: wanafunzi watano, pauni 20 kila mmoja kwa wiki. Kura ya kwanza ilimwangukia jamaa ambaye wiki ya pili alikuwa amehama, na simu hashiki. Vitabu husema chama hushikiliwa na adhabu ya kijamii. Kule Kalimoni, maana yake ni kwamba ukila zamu yako ukatoroka, utakutana na mweka hazina kanisani, kwenye kinu cha kusaga unga na matangani, na kila mahali atakusalimia kwa sauti kubwa. Bwenini hakuna aliyejua hata mama ya mwenzake anaitwa nani. Kijana aliandika insha kuhusu pauni zake 20. Mhadhiri akaandika pembeni: "Sampuli ndogo mno."

Amesharudi sasa, na shahada yake iko ukutani. Lami haijafika kwa lango la mzee, naye humkumbusha kila Jumapili. Mama bado yuko chamani. Baba naye amejiunga na chama cha wanaume, na hadi leo mama hajaambiwa zamu yake ni lini.